Koili ya Tatu

Kiwanda cha mikate cha Kasian, pale Mikumi, kiliungua siku ya Jumanne mwishoni mwa Mei 1993, saa mbili na robo asubuhi. Hakikuteketea chote. Chumba cha tanuri kilibaki na kuta zake na paa lake. Kilichoungua ni stoo ya unga iliyokuwa ubavuni, ambayo dari lake la mbao nyepesi lilishika moto na kuanguka. Ndani ya stoo alikuwamo mtu mmoja, Magreti, mkandaji unga, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyetokea Kisanga. Aliungua mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni.

Kasian alikuwa karani wa reli Kilosa kwa miaka ishirini na miwili. Alipopunguzwa kazi, zilikuwa tayari enzi za ruksa: mtu aliweza kununua unga wa ngano bila kibali na kuuza mkate bila kumwomba mtu. Alihamia Mikumi kwa sababu malori ya Iringa na Mbeya husimama pale, na madereva lazima wale. Tanuri lake la umeme lilikuwa limetumika nchi nyingine kabla ya kumfikia. Kibao chake cha maelezo kilikuwa kimeng'olewa, yakabaki matundu manne ya skrubu.

Aliyelifunga tanuri hilo ni Urbanus, fundi umeme wa miaka ishirini na tisa. Ufundi wake aliupata kwenye karakana ya shamba la mkonge, kwa kusimama kando ya fundi mzee na kumshikia koleo, mpaka shamba likafungwa. Cheti hakuwa nacho. Mikono yake ilikuwa mizuri, na Mikumi nzima ilimjua.

Watu wa umeme walikuja siku ile ile. Walikata waya kwenye nguzo, wakaikagua mita, wakaikuta nzima, wakaeleza kwamba kinachotoka kwenye mita kuingia ndani ni cha mwenye nyumba. Kasian akaenda baraza la kata kumshitaki Urbanus.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Hussein, mkulima wa mpunga asiye na haraka. Alimsikiliza Kasian, aliyesema kwamba fundi alifunga kazi mbovu tangu mwanzo. Akamsikiliza Urbanus, aliyesema kwamba alifunga koili mbili za kupasha moto, waya wa kutosha na fyuzi ya kutosha, na kwamba hajui moto ulitoka wapi.

"Sasa mimi nitajuaje?" aliuliza Mzee Hussein. "Kila mmoja anasema umeme. Umeme wenyewe siuoni."

"Dada yangu anafundisha fizikia sekondari kule Kilosa," alisema Urbanus. "Aje apime."

Mzee Hussein alimgeukia Kasian. "Huyo ni ndugu yake. Unamkubali?"

Kasian alifikiri kidogo. "Mwalimu Sesilia namjua. Alimfundisha binti yangu. Alimpa sifuri, na ilikuwa sifuri kweli. Aje."

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Juni. Sesilia alipanda lori la mahindi Kilosa asubuhi ya Jumamosi, akapita kijiji cha Ulaya alikokuwa anakaa mama yao bila kushuka, akafika Mikumi mchana. Alikuwa na miaka thelathini na minane, hajaolewa, na alikuwa na tabia ya kusoma swali mara mbili kabla ya kulijibu. Alibeba kikapu. Ndani yake, zimefungwa kwa kanga, zilikuwamo mita mbili alizoazima maabara ya shule: moja ya kupima volti, nyingine ya kupima ampea.

"Shikamoo dada," alisema Urbanus, akampokea kikapu.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Hakuonekana kama aliyekula. Sesilia hakuendelea kuuliza.

Walikwenda kiwandani, Mzee Hussein na Kasian wakiwa nyuma yao. Tanuri lilikuwa limesimama mahali pake, limepakwa moshi ubavu mmoja. Sesilia alifungua mlango wake na kuinama. Ndani kulikuwa na nafasi tatu za koili, juu, katikati na chini. Koili zilikuwa mbili. Nafasi ya katikati ilikuwa tupu.

"Hii je?"

"Tulilikuta hivyo," alijibu Urbanus.

Kasian alikuwa anatazama mlangoni.

Dereva mmoja aliyekuwa akitengeneza gurudumu pale nje aliwaazima betri ya lori. Sesilia aliitoa koili ya juu, akaiunganisha na betri, akaipitisha mita ya ampea katikati ya njia na kuiweka ya volti juu ya ncha mbili za koili. Alisubiri mishale itulie. Mzee Hussein alikuja karibu.

"Unatazama nini, mwalimu?"

"Betri inasukuma kwa volti kumi na mbili, mzee. Kinachopita ndani ya koili ni nusu ampea tu. Nikigawa msukumo kwa kinachopita, napata jinsi koili inavyoukatalia umeme. Kumi na mbili kwa nusu ni ishirini na nne. Huo ndio ukinzani wake, omu ishirini na nne."

"Na betri si umeme wa nyumbani."

"Si huo. Lakini ukinzani wa koili ni wake yenyewe, inakwenda nao popote. Ikipata moto unaongezeka kidogo sana. Umeme wa hapa unasukuma kwa volti mia mbili na arobaini. Nikigawa kwa ishirini na nne, zinapita ampea kumi. Volti mia mbili na arobaini mara ampea kumi ni wati elfu mbili na mia nne. Hiyo ni nguvu ya koili moja."

Aliipima na ya chini, akapata vilevile. Koili mbili, ampea ishirini. Aliandika kwenye daftari, kisha akaomba ngazi.

Waya ulikuwa umetoka kwenye bodi ya fyuzi, ukapanda ukutani, ukapita juu ya dari la stoo na kushukia kwenye tanuri, mita kumi na mbili hivi. Ulikuwa wa milimita za mraba mbili na nusu, unene ambao mafundi huufungia soketi na majiko madogo, na kitabu alichokuja nacho kilisema unaweza kubeba ampea ishirini na zaidi kidogo bila taabu. Fyuzi ilikuwa ya waya mwembamba wa ampea ishirini, na ilikuwa imekatika kama inavyotakiwa. Juu ya stoo, kwenye boriti iliyoungua kupita nyingine zote, alikuta mahali ambapo waya ulikuwa umeungwa. Pale shaba ilikuwa imeyeyuka na kuganda mfano wa punje ya mtama.

"Uliunga hapa?" aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Waya ulipungua mita mbili," alisema Urbanus. "Niliusokota vizuri, nikafunga tepu."

Sesilia alishuka, akaketi juu ya debe na kupiga hesabu kwa dakika nyingi. Maungio yaliyolegea huwa na ukinzani wake yenyewe. Alikadiria sehemu moja ya kumi ya omu, akazidisha kwa ishirini, kisha kwa ishirini tena. Wati arobaini. Joto hilo lingeiharibu tepu na kuukausha ubao, labda kuutia weusi baada ya mwaka au miaka. Tanuri lilikuwa na miezi mitano tu. Na fyuzi ile, kama ilikuwapo siku zote, isingeruhusu zaidi ya hapo.

"Vipi?" aliuliza Kasian.

"Hesabu yangu haifiki kwenye moto," alisema Sesilia. "Kwa ninavyoviona hapa, nyumba hii isingeungua Jumanne ile."

"Lakini imeungua."

"Ndiyo. Kwa hiyo kuna kitu nisichokiona."

Alifunga daftari, akauliza Magreti amelazwa wapi. Hakuna kati ya wanaume hao watatu aliyekuwa amefika kumwona tangu siku ya pili ya moto, isipokuwa Mzee Hussein, ambaye alikuwa amempelekea uji.

Magreti alikuwa ameruhusiwa kutoka zahanati na alikuwa anakaa kwa shangazi yake, nyuma ya soko. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono umefungwa bandeji nyeupe na kuegemezwa juu ya mto. Alimwamkia mwalimu na kutaka kusimama; Sesilia akamzuia.

"Pole, Magreti."

"Nimeshapoa, mwalimu. Usiku ndipo unaniuma."

Walizungumza kwanza juu ya watoto wake wawili waliobaki Kisanga kwa bibi yao. Kisha Sesilia akamuuliza kama kuna mtu amekuja kumuuliza lolote kuhusu moto.

"Hakuna. Mimi nakanda tu."

"Siku za karibuni tanuri lilikuwaje? Ulikuwa unalionaje?"

Magreti alifikiri. "Lilikuwa zuri. Lilikuwa linawahi."

"Linawahi vipi?"

"Zamani nikiliwasha saa kumi na moja na nusu, mpaka saa kumi na mbili na dakika kumi ndiyo linapata moto wa kuingiza mikate. Dakika arobaini, nilikuwa natazama saa ya ukutani, maana ndani ya muda huo mimi napanga madonge ya unga. Halafu baada ya Pasaka likaanza kuniharakisha. Sijamaliza kupanga, tayari. Nusu saa haikufika. Nikamwambia mzee Kasian, akacheka, akasema sasa tutaoka mara nne kwa siku."

"Chini ya nusu saa kwa dakika ngapi?"

"Tatu hivi. Nne."

Sesilia aliandika arobaini, chini yake akaandika ishirini na saba. Alizitazama namba hizo mbili. Kazi ya dakika arobaini ikifanywa kwa ishirini na saba, basi nguvu imeongezeka mara moja na nusu. Koili hazikuwa mbili; zilikuwa tatu.

"Na fyuzi?" aliuliza.

"Wiki ile ya kwanza ilikuwa inakatika kila siku. Kisha Urbanus akaja akaitengeneza, haikukatika tena." Magreti alimtazama akiandika. "Nimesema vibaya?"

"Hapana. Umesema vizuri kuliko wote."

Urbanus alikuwa amepanga chumba karibu na barabara kuu. Dada yake alimkuta ameketi kwenye kizingiti, anasafisha koleo ambalo lilikuwa safi. Jua lilikuwa bado halijazama. Alikaa kando yake.

"Koili ya tatu iko wapi?"

Urbanus aliendelea kusugua. Lori lilipita, kisha jingine.

"Chini ya kitanda," alisema.

"Nieleze."

"Mzee Kasian aliinunua Pasaka. Alitaka mikate itoke haraka, madereva walikuwa wanaondoka bila kununua. Nikamwambia waya ule utakuwa mdogo, tuweke wa sita. Akasema subiri kidogo, funga hivyo hivyo kwanza. Nikafunga. Fyuzi ikawa inakatika. Kila siku ananiita, kila siku ananisema mbele ya wateja. Nikachukua nyuzi mbili za waya mnene, nikaweka pale. Ikatulia."

"Ulijua ni ampea ngapi?"

"Dada, mimi ampea sizijui hivyo unavyozijua wewe. Najua waya kwa kuushika. Nilikuwa napita asubuhi naugusa ukutani. Ulikuwa wa vuguvugu. Nikasema utavumilia."

"Na siku ya moto?"

"Watu walikuwa wanatoa unga. Nikaingia, nikaitoa koili, nikarudisha fyuzi nyembamba na kuikata kwa koleo." Aliliweka koleo chini. "Mzee aliniona nikitoka nayo. Hakusema kitu. Akija kusema niliifunga, itajulikana yeye ndiye aliyeileta. Ndiyo maana anasema kazi ilikuwa mbovu tangu mwanzo."

"Wewe ndiye uliyetaka nije."

"Nilijua ukipima mbili, hesabu itanitoa."

Sesilia alikuwa amemlea mdogo wake huyu baba yao alipofariki. Alimfundisha kuandika jina lake kwa kijiti, kwenye vumbi la uani, Ulaya. Alihisi hasira, lakini si kubwa kama alivyotarajia. Zaidi alihisi uchovu, na aibu ya kuletwa ili namba zake zitumike kama pazia.

"Jumatatu nitasema nilichokipata," alisema.

"Chote?"

"Chote. Ukitaka, wahi wewe kusema. Itakuwa afadhali kwako."

"Watanifukuza Mikumi, dada."

"Huenda."

"Mama atasemaje?"

Sesilia aliinuka, akakung'uta sketi. "Niletee hiyo koili niipime."

Aliipima kwa betri ile ile. Nusu ampea. Omu ishirini na nne.

Jumatatu baraza lilikaa katika ofisi ya kata. Magreti aliletwa na shangazi yake, akapewa kiti cha mbele. Mzee Hussein alimwomba Urbanus aanze kama ana la kuongeza. Urbanus alisimama, akafungua kinywa, akaketi tena. Sesilia alingoja hadi ilipokuwa dhahiri kwamba hatasema, ndipo akaiweka koili mezani.

Alieleza kwa utaratibu, kama darasani. Koili mbili ni ampea ishirini. Tatu ni thelathini. Watu wengi hudhani kwamba mkondo ukiongezeka kwa nusu, joto la waya nalo linaongezeka kwa nusu. Sivyo. Joto la waya ni mkondo mara mkondo, mara ukinzani wa waya wenyewe. Ishirini mara ishirini ni mia nne. Thelathini mara thelathini ni mia tisa.

"Zaidi ya maradufu," alisema Mzee Hussein.

"Zaidi ya maradufu, mzee. Waya wote, kwenda na kurudi, kwa koili mbili ulikuwa unatoa joto la wati sabini hivi, limetawanyika. Kwa tatu, zaidi ya mia na hamsini. Ni kama mtu amewasha balbu mbili na nusu za sitini ndani ya dari, akaziba. Lakini kibaya zaidi ni pale palipoungwa. Kwa makadirio yangu, mahali padogo kama ncha ya kidole palikuwa panatoka wati tisini, kila asubuhi, kwa wiki sita, juu ya ubao mkavu. Na kila joto linapolegeza maungio, ukinzani unaongezeka, na joto linaongezeka tena. Fyuzi ingekata. Iliwekwa waya mnene ili isikate."

"Nani aliuweka?"

"Urbanus. Na koili aliifunga yeye. Aliyeileta na kumwambia aifunge bila kubadili waya ni mzee Kasian. Baada ya moto Urbanus aliitoa, na mzee Kasian alimwona."

Kasian alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu.

"Ni kweli?" aliuliza Mzee Hussein.

"Nilitaka kubadili waya mwezi uliofuata," alisema Kasian. "Kila mwezi ulikuwa na lake."

"Na wewe, Urbanus?"

"Ni kweli."

Mzee Hussein alimgeukia Magreti, akamuuliza ana neno gani. Magreti aliutazama mkono wake kana kwamba neno liko pale.

"Mimi nilifurahi tanuri lilipowahi," alisema. "Nilikuwa nawahi kwenda nyumbani."

Baraza liliamua kwamba Kasian na Urbanus wamtibu Magreti kwa pamoja na kuwatunza watoto wake hadi atakapoweza kufanya kazi. Urbanus alikatazwa kugusa umeme wa mtu yeyote katika kata ile mpaka afanye mtihani wa ufundi na kuleta cheti. Kasian alikubali kusaini uamuzi huo. Aliulizwa kama anataka kufika mahakamani, akasema hataki.

Wakati wa kurudi Sesilia alishuka Ulaya. Mama yao, Elizabeti, alikuwa ameshasikia, kwa sababu habari ilipanda lori lililotangulia. Alimwandalia mwanawe ugali na mlenda, akakaa anamtazama akila.

"Ungeweza kusema zilikuwa mbili," alisema mama.

"Ningeweza."

"Ni mdogo wako."

"Najua, mama."

Mama alichukua sahani kabla chakula hakijaisha. Jambo hilo hawakulizungumza tena, wala mwaka ule Sesilia hakualikwa Krismasi.

Kasian alijenga tanuri la matofali nyuma ya kiwanda, la kuni, na mikate ikarudi kuchelewa. Mkono wa Magreti ulipona ngozi, lakini vidole viwili vya mwisho havikukunjika tena. Alijaribu kukanda kwa wiki moja, akaacha, akarudi Kisanga na kulima na watoto wake. Sesilia alikwenda kumsalimia mara mbili. Mara ya pili Magreti alimwonyesha jinsi alivyojifunza kushika jembe kwa vidole vitatu, akasema linakubali, ila si siku ya baridi.

Urbanus alikwenda Morogoro. Alikaa kwa mjomba wao, akasoma jioni na kufanya kibarua mchana. Mtihani wa kwanza alianguka kwenye hesabu. Wa pili alifaulu. Kwa muda wote huo hakumwandikia dada yake hata mstari mmoja.

Alifika Kilosa Septemba 1994, siku ya Jumapili, akiwa njiani kwenda Mikumi. Sesilia alikuwa uani anachambua mchele. Urbanus alisimama mbele yake na begi begani, amekonda, masharubu yameota.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye kigoda, akamnyooshea bahasha. Sesilia aliifungua, akasoma cheti mara mbili, akakirudisha.

"Hesabu ulipata ngapi?"

"Sitini na moja."

"Si mbaya."

Kuku alisogelea ungo. Urbanus akamfukuza kwa mguu. Kisha akauliza jambo ambalo, ilionekana, alikuwa amelibeba tangu Morogoro.

"Kama Magreti asingeungua. Kama ingekuwa unga tu na dari. Ungesema vilevile?"

Sesilia aliacha kuchambua. Alilitafakari swali, akalirudia tena moyoni.

"Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui."

Urbanus alitikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kuridhika, wala hakuonekana kukasirika. Baada ya muda aliuvuta ungo ukawa katikati yao, akaanza naye kutoa mawe kwenye mchele.